Anayejifunza Hahitaji Pikipiki Kubwa

Hoja kwamba anayeanza anunue pikipiki ya cc 250 moja kwa moja, asije akaingia gharama mara mbili, imesahau bei ya mguu uliovunjika. Hapa Mbezi Beach, mwendo unaamuliwa na foleni ya Tangi Bovu na Africana, si na injini. Ukiingia mitaa ya ndani, mchanga unateleza. Hapo kinachookoa ni wepesi: miguu yote miwili ifike chini, klachi isikuchoshe. TVS HLX 125 inatosha. Boxer 150 ni hatua inayofuata. Spea za zote mbili zipo Kariakoo, mafundi hawako mbali, na siku ya kuuza mnunuzi hakosi. Pesa inayobaki inunue kofia ngumu ya maana, ilipie na mafunzo ya leseni.