Shahada ya ulinzi wa vimelea: ukimaliza, nani atakupa ufunguo wa jokofu?

Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini Goma, mashariki mwa Kongo, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitoa tahadhari kuhusu jengo moja: maabara ya INRB, taasisi ya taifa ya Kongo ya utafiti wa tiba. Humo zimehifadhiwa sampuli za vimelea hatari, vikiwemo virusi vya Ebola, na umeme mjini ulikuwa unakatika. Jokofu likikosa umeme, sampuli huharibika. Mlango ukivunjwa, mtu asiyejua alichoshika anaweza kutoka nacho hadi barabarani.

Khartoum ilikuwa imeyaona hayo mapema zaidi. Aprili 2023 wapiganaji waliiteka maabara ya taifa ya afya ya jamii, wakawafukuza wafanyakazi wake. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema hatari ni kubwa, kwa kuwa ndani mlikuwa na sampuli za polio, surua na kipindupindu.

Kazi ya kuhakikisha vitu kama hivyo haviishii mikononi mwa mtu asiyestahili ina wasomi wake, na vyuo vinaitolea shahada za uzamili na uzamivu. Ikiwa wewe ni muuguzi, mtaalamu wa maabara, daktari wa binadamu au wa mifugo, huenda umeshakutana na tangazo la ufadhili wa masomo hayo. Makala hii inaeleza ni masomo gani, na kwa nini tunadhani swali gumu zaidi huanza siku unayorudi na cheti mkononi.

Tunazungumzia nini hasa?

Kiswahili bado hakijakubaliana jina moja. Wataalamu husema bayosekyuriti. Wafugaji wa kuku wanaifahamu kwa vitendo: dawa ya kukanyagia mlangoni mwa banda, na mgeni haingii na viatu alivyotoka navyo kwa jirani. Hapa tutasema ulinzi wa vimelea.

Usiuchanganye na usalama wa maabara, ingawa mara nyingi hufundishwa pamoja. Usalama wa maabara humkinga mfanyakazi asiambukizwe na kilichomo kwenye chupa: glavu, barakoa, kabati maalumu la hewa, namna ya kutupa taka. Ulinzi wa vimelea huilinda chupa yenyewe. Nani ana ufunguo? Nani ameandika idadi? Ikipungua moja, nani atajua, na baada ya muda gani?

Mfano unaotajwa sana darasani ni wa Marekani mwaka 2001, wakati barua zenye unga wa kimeta zilipotumwa kwa njia ya posta. Watu 5 walifariki na wengine 17 waliugua. Uchunguzi wa FBI ulihitimisha kuwa mhusika alikuwa mwanasayansi wa maabara ya jeshi, mtu aliyekuwa na kibali na ufunguo. Tangu hapo somo zima la kuchunguza wanaoruhusiwa kuingia maabara lilipata uzito mpya.

Sasa fikiria kimeta huku kwetu. Mfugaji wa Kaskazini mwa Tanzania hajakijua kupitia magazeti. Anakijua kwa ng'ombe aliyeanguka ghafla na damu isiyoganda. Vijidudu vyake hukaa ardhini miaka mingi. Sampuli hupelekwa maabara ya mifugo, hupimwa, kisha huwekwa kwenye friji. Kimelea kile kile ambacho Marekani hulindwa kwa kamera na walinzi, kwingine kinaweza kukaa pamoja na chanjo za kuku, na daftari la kumbukumbu lenye mwandiko wa watu watatu tofauti.

Darasani husomwa nini?

Vyuo vya Marekani vina programu zinazojulikana. George Mason, jimbo la Virginia, kina shahada za uzamili na uzamivu za ulinzi dhidi ya silaha za kibaiolojia. Georgetown, Washington, kinafundisha uzamili kuhusu vimelea vya hatari na magonjwa mapya ya kuambukiza. Mwanafunzi husoma biolojia ya vimelea, historia ya silaha hizo, sheria za kimataifa, tathmini ya hatari, na siku hizi pia teknolojia ya kutengeneza vinasaba.

Hilo la mwisho si la kupuuza. Mwaka 2018 watafiti wa Kanada walichapisha jinsi walivyounda upya virusi vya ndui ya farasi, ndugu wa ndui ya binadamu, kwa vipande vya vinasaba walivyoagiza kutoka kampuni. Ndui ya binadamu ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980. Ndiyo maana siku hizi kuna mjadala mkali kuhusu kampuni za kuuza vinasaba: zimchunguze mteja kiasi gani kabla ya kumtumia mzigo?

Upande wa sheria, nguzo ni Mkataba wa Silaha za Kibaiolojia, uliofunguliwa kusainiwa mwaka 1972. Tanzania ilisaini mwaka huo huo, lakini ikauridhia 2019. Miaka 47 kati ya saini na kuridhia haina maana kwamba kuna aliyekuwa anatengeneza silaha. Tunavyoona sisi, ina maana kwamba kwa muda mrefu hapakuwa na mtu serikalini ambaye faili hilo lilikuwa kazi yake ya kila siku. Mhitimu wa masomo haya ndiye mtu huyo.

Masomo haya ni mazuri. Ila mengi yameandaliwa kujibu swali la nchi tajiri: adui ataingizaje kimelea nchini? Katika ukanda wetu kimelea mara nyingi kimeshaingia, au hakijawahi kuondoka. Kinaishi na popo wa matunda mapangoni, na mbuga, na ng'ombe. Swali letu linaanzia pengine: kikitoka, kitatambuliwa na nani, na sampuli yake itapita mikononi mwa watu wangapi kabla ya jibu kupatikana?

Siku kadhaa za Biharamulo

Tarehe 14 Januari 2025 WHO ilitoa taarifa ya washukiwa 9 wa ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera, 8 kati yao wakiwa wamefariki. Wizara ya Afya ya Tanzania ikajibu kuwa sampuli zilizopimwa hazikuwa na virusi hivyo. Tarehe 20 Januari, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na mkurugenzi mkuu wa WHO, alitangaza kuwa mgonjwa mmoja amethibitishwa. Kipimo kilifanyika kwenye maabara tembezi ya Kabaile, Kagera, kisha kikathibitishwa Dar es Salaam. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, hesabu ilikuwa watu 10: wawili waliothibitishwa kwa kipimo na wanane waliohesabiwa kwa uwezekano mkubwa. Wote 10 walifariki.

Soma tena hesabu hiyo. Wanane kati ya kumi hawakuthibitishwa na maabara. Pengine walizikwa kabla ya kupimwa. Mara nyingi ndivyo inavyokuwa mahali ambapo homa kali huanza kudhaniwa malaria. Na huu ulikuwa mlipuko wa pili mkoani humo ndani ya miaka miwili. Mwaka 2023, Wilaya ya Bukoba, waliugua 9 wakafa 6, mmoja wao mhudumu wa afya.

Kati ya Biharamulo na Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Sampuli ya Marburg haipakiwi kama barua. Hufungwa kwa tabaka tatu, hupewa namba, na kila anayeipokea husaini. Ikikaa kwenye joto, kipimo kinaweza kukosa kuona kitu hata kama virusi vilikuwepo. Mtu anayejua kuuliza "sampuli hii ilichukuliwa siku ya ngapi ya ugonjwa, ilikaa wapi, nani aliibeba?" anaweza kuokoa siku tatu au nne. Na kwa Marburg, siku nne ni watu walioosha maiti na wauguzi walioshika mgonjwa bila glavu. Rwanda ililijua hilo mwaka 2024: kati ya watu 66 walioambukizwa, karibu wanne katika kila watano walikuwa wahudumu wa afya. Walifariki 15, idadi ndogo kwa ugonjwa huo, kwa sababu ugonjwa ulitambuliwa na hospitali zilikuwa na watu wa kuwahudumia.

Kwa maoni yetu, mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayetaka kuandika tasnifu asihangaike kutafuta mada kuhusu magaidi. Safari ya sampuli moja kutoka zahanati hadi maabara ya taifa, ikipimwa hatua kwa hatua, ni mada tosha.

Je, ni lazima kwenda mbali?

Si lazima. Mafunzo ya elimu ya milipuko na maabara yanayofanyika kazini, yanayojulikana kwa kifupi FELTP, yalianza Kenya mwaka 2004 na Tanzania 2008. Ngazi ya juu huchukua miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo mwanafunzi yuko uwandani, si darasani. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kinaongoza SACIDS, kituo kinachosomesha wataalamu wa magonjwa yanayovuka kati ya wanyama na watu, mtazamo unaoitwa Afya Moja. Kule Makerere, Kampala, ulinzi wa vimelea umo hadi kwenye jina la chuo chake cha tiba ya mifugo. Jirani yake, Entebbe, kuna taasisi ya utafiti wa virusi iliyoanza mwaka 1936. Virusi vya Zika vilitambuliwa huko 1947, vikapewa jina la msitu ulio karibu.

Kwenda nje nako kuna faida yake. Profesa Jean-Jacques Muyembe alisomea uzamivu wa virolojia Leuven, Ubelgiji, kisha akarudi Kongo. Mwaka 1976 alikwenda Yambuku kuchunguza ugonjwa usiojulikana, akachukua damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, maana glavu hazikuwepo. Baadaye ugonjwa huo uliitwa Ebola. Yeye ndiye aliyekuja kuongoza INRB, taasisi ile ile yenye maabara ya Goma. Leuven ilimpa ujuzi; kilichobaki alikijenga Kinshasa, kwa miaka mingi na kwa fedha kidogo.

Fedha zimeondoka, nafasi hazijaja

Kwa muda mrefu sehemu kubwa ya gharama za mafunzo haya ililipwa na Marekani. Tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile Kagera ilipothibitishwa, serikali mpya ya Marekani iliagiza misaada ya nje isitishwe ili ipitiwe upya, na pia ikaanza kujitoa WHO. Ilipofika Julai, USAID ilikuwa imefunga shughuli zake. Uingereza nayo ilitangaza kusimamisha mfuko wa Fleming Fund, uliokuwa ukiimarisha maabara za usugu wa dawa, zikiwemo za Afrika.

Wengi wameomboleza ufadhili wa masomo uliopotea. Sisi tunahofia zaidi ajira. Mradi wa mfadhili huajiri mtaalamu wa kulinda sampuli kwa mkataba wa miaka mitatu. Mradi ukifungwa, mtaalamu huondoka na nywila za kompyuta, na sampuli hubaki. Hilo ni tatizo la ulinzi wa vimelea kwa maana yake halisi. Muundo wa utumishi wa halmashauri nyingi una nafasi ya mganga, muuguzi, mtaalamu wa maabara na afisa mifugo. Nafasi ya mlinzi wa vimelea ni vigumu kuiona, kwa hiyo kazi hupewa mtaalamu wa maabara juu ya zile alizonazo, bila nyongeza.

Na kazi inazidi. Mei 2025 nchi wanachama wa WHO zilipitisha mkataba wa kukabili majanga ya magonjwa, lakini sehemu ngumu, ya jinsi ya kugawana vimelea na faida zinazotokana navyo, ikaachwa ijadiliwe baadaye. Afrika ina sababu ya kuwa makini: sampuli nyingi za Ebola ya Afrika Magharibi ya 2014 hadi 2016 zilipelekwa nje. Huwezi kudai haki yako juu ya sampuli ambazo huna orodha yake.

Kabla ya kujaza fomu

Muulize mkuu wako wa kazi, kwa maandishi, utarudi kwenye cheo gani. Jibu likiwa "tutaona", jua hivyo mapema.

Angalia kama programu ina miezi ya kukaa maabara au uwandani. Shahada ya nadharia tupu inamfaa zaidi mwanasheria au mwanadiplomasia, na hao pia tunawahitaji. Mtaalamu wa maabara atapata faida kubwa kwenye programu itakayomwacha ashike vifaa.

Uliza pia nani atamiliki takwimu na sampuli za utafiti wako, hasa kama chuo kiko ng'ambo. Makubaliano ya kuhamisha sampuli husainiwa kabla hazijasafiri, na kibali cha kamati ya maadili ya nchi yako hakiepukiki.

Kama ufadhili haupo mwaka huu, kuna pa kuanzia. FELTP ina kozi fupi ya miezi michache kwa watumishi wa wilaya, wanaosoma huku wakiendelea na kazi. Na wiki hii hii unaweza kufungua friji ya maabara yako, ukahesabu kilichomo, ukaandika tarehe, na ukauliza chupa zisizo na jina ni za nani.