Wasifu si Mali ya Wakubwa

Waambie wanafunzi wa darasa la sita waandike wasifu wa mtu yeyote, kisha kusanya madaftari. Utasoma mara arobaini kwamba Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, kwa sentensi zilezile na kwa mpangilio uleule, hata kosa la tahajia lililokuwa ubaoni limenakiliwa bila kuguswa. Wachache watakuwa wamemwandika Karume wa Zanzibar. Mama lishe wa getini, dereva wa daladala na bibi anayeishi nao nyumba moja hawatakuwamo. Mwalimu atasahihisha, atatia vema, na sote tutaamini kwamba watoto wamejifunza kuandika wasifu.

Hawajajifunza. Wamenakili tu, na wamenakili kwa sababu tumewarithisha imani mbovu: kwamba wasifu ni wa watu mashuhuri, na kwamba kazi ya mtoto ni kuupokea ukiwa umekwisha kuandikwa na wengine. Imani hii inasemwa kwa nia njema. Mtoto asome habari za viongozi, wanatwambia, apate mfano wa kuiga. Nakubali kabisa kwamba kila mtoto wa Tanzania anapaswa kumjua Nyerere. Lakini kumjua Nyerere ni jambo moja, na kujua kuandika maisha ya mtu ni jambo jingine. La pili ni ufundi, na hakuna aliyejua kushona kwa kutazama nguo dukani.

Wanaodai kwamba wasifu ni wa wakubwa wamesahau wasifu mashuhuri kuliko zote katika Kiswahili. Shaaban Robert, karani wa serikali kutoka Tanga, hakumtafuta sultani wala gavana. Alimwandika Siti binti Saad, mtoto wa Fumba huko Unguja, aliyezaliwa karibu na mwaka 1880 katika ukoo wa kitumwa, asiyesoma shule, aliyekuwa akifinyanga na kutembeza vyungu kabla ya kuhamia mjini. Watu waliwahi kumtungia wimbo wa kumkejeli kwa sababu ya alikotoka. Mwanamke huyo ndiye aliyeifanya taarabu izungumze Kiswahili, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Shaaban Robert alimhoji mwenyewe mwishoni mwa uhai wa Siti. Siti alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert angesema asubiri wataalamu, leo tungekuwa na santuri zake na uvumi, basi. Kitabu alichoandika tumekisomesha shuleni miaka mingi kama fasihi, na namna kilivyopatikana hatukuifundisha: mtu alikwenda, akaketi, akauliza, akasikiliza, akaandika.

Ubaya wa kumwagiza mtoto aandike juu ya mtu mashuhuri unaonekana zaidi sasa kuliko zamani. Habari za kiongozi ziko kwenye intaneti. Mzazi anakwenda steshenari, analipia kurasa mbili, mtoto anabandika picha na kupeleka shuleni. Kenya, tangu mtaala wa umilisi uanze, wazazi wamelalamika hadharani kwamba kazi za mradi wanazifanya wao. Na siku hizi akili mnemba itakuandikia wasifu wa rais yeyote kabla chai haijapoa. Lakini hakuna mtambo wowote unaojua fundi baiskeli wa mtaa wenu alifikaje hapo, alijifunza kwa nani, na kwa nini aliacha kazi ya kwanza. Habari hiyo iko kwa mtu mmoja tu duniani, na njia ya kuipata ni kumwendea na kumwamkia.

Tazama kinachotokea mtoto akienda. Mwalimu amemfundisha asiulize "Bibi, nieleze maisha yako," maana swali hilo halina pa kushika. Anauliza: "Bibi, ulipokuwa na umri wangu, ulivaa nini kwenda shule?" Bibi anajibu: "Shule ipi, mjukuu wangu? Mimi nilikuwa nachunga mbuzi ili kaka zangu wasome." Kwa swali moja dogo mtoto amegundua jambo ambalo pengine hata baba yake hakuwahi kulisikia. Sasa ana swali la pili, na la tatu.

Kisha inakuja kazi ngumu, ndiyo yenye elimu hasa. Bibi hajui mwaka walipohamia kijijini. Anachokumbuka ni kwamba ulikuwa wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, na alikuwa amembeba mgongoni mwanawe, baba mdogo wa huyu mtoto, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kusimama. Mtoto anaomba kuona cheti cha ubatizo cha baba mdogo: kinasema alizaliwa 1974. Anapiga hesabu, anaona kwamba huenda walihama mwaka 1975. Anamwendea jirani, babu aliyehama nao siku ileile. Babu anashikilia kuwa ilikuwa 1974. Mtoto afanyeje? Aandike yote mawili, aseme nani amesema nini, na cheti kinaonyesha nini. Hapo ameanza kuwa mtafiti. Amejua kwamba kumbukumbu ya mtu inaweza kupingana na karatasi, na kwamba mwandishi mwaminifu hafichi tofauti. Atakapokuwa mtu mzima na akapokea uvumi kwenye simu yake, atakuwa na tabia ya kuuliza: nani kasema, na alijuaje?

Najua majibu ninayopewa nikisema haya. La kwanza ni heshima. Mtoto hamhoji mkubwa, eti ni utovu wa adabu. Wanaosema hivyo wanachanganya kuhoji na kusuta. Wazee wetu wenyewe ndio waliotuachia neno kwamba kuuliza si ujinga, na kwa karne nyingi wajukuu waliketi miguuni pa bibi wakiuliza "ikawaje?" Mtoto akibisha hodi, akaamkia shikamoo, akaomba ruhusa, akaeleza kwa nini amekuja, na akakubali pale mzee anaposema "hilo tuliache," huyo amefunzwa adabu kuliko yule aliyekaa kimya. Iongezwe kanuni moja isiyovunjwa: wasifu ukikamilika, mhusika asomewe kwanza, naye awe na haki ya kuondoa asichotaka kitoke. Mtoto asiye na wazee, au ambaye habari za kwao zina uchungu, aruhusiwe kumwandika mtu mwingine: mlinzi wa shule, muuza samaki, muuguzi wa zahanati.

Jibu la pili ni wingi wa wanafunzi. Mwalimu mwenye watoto themanini darasani atafanyaje? Mzigo huo ni wa kweli, wala simlaumu. Ila hesabu iko upande wetu. Watoto wanne wakimwandika mtu mmoja, darasa la themanini linatoa wasifu ishirini. Mwalimu anasahihisha kazi ishirini zisizofanana badala ya insha themanini zilizo sawa. Wiki ya kwanza wanatunga maswali, ya pili wanahoji, ya tatu wanahakiki tarehe na majina, ya nne wanaandika na kumsomea mhusika. Vinavyohitajika ni daftari, kalamu na miguu.

Jibu la tatu ndilo linaloniudhi: kwamba watoto ni wadogo mno kwa utafiti. Mtoto huyohuyo tunamtuma dukani na noti ya elfu kumi arudi na chenji kamili. Tunampeleka kuulizia bei ya mahindi kwa watu watatu aje atwambie nani ana nafuu. Kuuliza, kulinganisha na kuleta taarifa anakuweza tangu zamani. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba akili hiyo inafaa pia darasani.

Na muda hautusubiri. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee juu ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Waliwakuta watu walioviona vita kwa macho yao. Walichokusanya kinasomwa mpaka leo, na hakuna awezaye kukikusanya tena, kwa kuwa waliohojiwa wote wamekwisha kuondoka. Sasa fikiria walio hai leo. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kuanzia 1970 hadi 1975 kwa mikono ya makumi ya maelfu ya vijana. Kijana wa miaka ishirini wakati kazi inaanza sasa amepita sabini. Tanga na Morogoro wako wazee waliokata mkonge, wanaokumbuka baba zao waliokuja kama manamba, yaani vibarua wa mkataba, na jinsi kipande, ile kadi ya siku za kazi, kilivyojazwa siku kwa siku mpaka zitimie thelathini. Wako waliopigana katika Vita vya Kagera. Wako wakunga waliozalisha nusu ya kijiji. Majina yao hayamo katika kitabu chochote cha kiada, na watu hawa wanaishi umbali wa kutembea kwa miguu kutoka shuleni.

Mtaala ulioboreshwa mwaka 2023 umetuletea somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Tukilifundisha kwa kukariri majina ya viongozi na tarehe za kuzaliwa kwao, tutakuwa tumewaambia watoto, mwaka hadi mwaka, kwamba nchi hii ilijengwa na watu wachache ambao hawakuwahi kuwaona, na kwamba jamaa zao walikuwa watazamaji. Huo ni uongo, na mtoto anayekua nao hujidharau bila kujua sababu.

Kwa hiyo naomba jambo moja, nalo halihitaji waraka wa wizara. Mwalimu, muhula ujao futa ubaoni orodha ya watu mashuhuri, na uwaagize wanafunzi wako wamwandike mtu aliye hai wanayeweza kumwendea kwa miguu. Mzazi, usimwandikie mwanao. Mpeleke kwa bibi yake, kisha toka nje uwaache wazungumze. Mkuu wa shule, kazi zikikamilika usizichome pamoja na karatasi za mitihani. Zijalidi, uziweke kwenye rafu, uandike mwaka juu ya jalada. Baada ya miaka kumi shule yako itakuwa na historia ya kata nzima, imeandikwa na watoto wake.