Gia Zipi Zatufaa?

Kuna jambo linalobishaniwa sana siku hizi katika Chama chetu cha Baisikeli. Ndugu zetu waliosoma hapa zamani wamejitolea kutununulia baisikeli za changarawe, nao wametutaka tuchague wenyewe aina ya gia. Wenzangu wengi wataka mtambo mpya kabisa: duara moja tu la meno mbele, maduara kumi na mawili nyuma, na gia zigeuzwazo kwa umeme. Mimi nasema hapana. Sisemi hivyo kwa kuchukia mambo mapya, bali kwa kuwa nimeyahesabu meno, na nimeitazama milima yetu.

Kwanza tuelewane gia ni nini. Ukigawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma, wapata gurudumu huzunguka mara ngapi kwa kila mzunguko mmoja wa pedeli. Baisikeli ya baba yangu, ile nyeusi ibebayo matoke kwenda sokoni, ina meno 44 mbele na 20 nyuma, yaani gurudumu lazunguka mara 2.2. Mzingo wa gurudumu lenyewe ni kama meta 2.2, basi kila mzunguko wa pedeli wamsogeza mpandaji karibu meta 5. Penye tambarare ni raha. Penye mlima hushuka akasukuma. Kila mtu wa Kigezi ayajua hayo, kwa maana sote tumesukuma.

Likizo iliyopita niliazima baisikeli ya changarawe kwa binamu yangu, nikadhani kusukuma kumekwisha. Ilikuwa na meno 40 mbele, na duara kubwa la nyuma lilikuwa la meno 32. Nikafika kwenye mlima ulio nyuma ya kijiji chetu. Ili nizungushe pedeli mara 60 kwa dakika, ilinipasa niende karibu kilometa 10 kwa saa, na chini changarawe yateleza. Miguu ilikataa. Nikashuka, nikasukuma, na watoto waliokuwa wakitoka kisimani wakanipita wakicheka: “Kumbe hata hiyo husukumwa!” Lau ingalikuwa na meno 30 mbele na 34 nyuma, miguu ingalizunguka vile vile kwa mwendo wa kilometa 7 tu kwa saa. Tofauti hiyo ndiyo ya kupanda na kusukuma.

Basi shauri langu ni hili. Tuchukue baisikeli zenye maduara mawili mbele, la meno 46 na la meno 30, na maduara kumi nyuma, kutoka meno 11 mpaka 34, na gia zigeuzwe kwa waya. Kwa mlima tutakuwa na 30 kwa 34, na kwa mteremko 46 kwa 11, ambayo kwa mizunguko 90 kwa dakika yampeleka mtu karibu kilometa 50 kwa saa. Anayetaka kwenda upesi kuliko hivyo juu ya changarawe, na aandike wosia kwanza.

Labda mtu ataniuliza: Je, duara moja la mbele haliwezi kupanda mlima? Laweza. Meno 40 mbele na 51 nyuma ni gia nyepesi kuliko hiyo ninayoisifu. Tena nakubali kwamba mtambo wa duara moja una sifa zake. Wakati wa mvua matope hayana pa kuganda pale mbele, na meno yake hukatwa moja pana, moja jembamba, ili mnyororo usiruke ovyo. Sisi wa maduara mawili itatubidi tuoshe sehemu hiyo kila turudipo. Lakini fikirini: ili duara moja la mbele litoshe, rundo la meno ya nyuma sharti liwe kubwa sana, na kubwa ni ghali. Nalo rundo la nyuma huchakaa upesi kuliko meno makubwa ya mbele. Kwa nini tuweke gharama yote mahali pale pale panapokwisha kwanza?

Wengine wanitajia Kigali. Ni kweli, mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baisikeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika, na Tadej Pogačar akashinda mbio za wanaume. Tuliona fahari kubwa. Lakini je, mliyaona magari yaliyowafuata? Yalibeba mafundi, magurudumu na baisikeli za akiba. Mpandaji yule, gia ikimgomea, hupewa baisikeli nyingine. Sisi nyuma yetu hufuata vumbi tu. Betri ikiisha chaji katikati ya safari, gia hubaki pale ilipo, na fundi wetu aliye chini ya mkaratusi hana la kufanya. Waya ukikatika, huutia mwingine kabla chai haijapoa. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Wala nisidhaniwe kuwa kama Henri Desgrange, mwanzilishi wa mbio za Tour de France. Yeye alishikilia kwamba gia za kubadili ni za wazee na wanyonge, hata wapandaji wakawa washuka chini ya mlima, wafungue gurudumu la nyuma na kuligeuza ili wapate meno mengine. Gia zilipokubaliwa mwaka 1937, mshindi Roger Lapébie alizitumia. Mzee yule alikosea kwa kuukataa msaada. Tusikosee sisi kwa kununua pambo.

Natoa na maombi mawili. La kwanza, kila baisikeli ije na akiba ya kile kipande kidogo kishikacho mkono wa kuhamishia mnyororo wa nyuma. Baisikeli ikianguka hupinda hicho, na kila aina ina chake, hakipatikani sokoni. La pili, chama kinunue rula. Mnyororo mpya, kutoka pini ya kwanza mpaka ya 25, ni inchi 12 kamili. Ukizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, utolewe mara moja, ama sivyo utayala meno yote.

Ndugu zetu wa zamani, fedha zenu ni jasho lenu. Gia za umeme zina bei kubwa, basi baisikeli zitakuwa chache, na wachache ndio watakaopanda. Tupeni za waya, ili hata kijana wa Senior I apate zamu yake, na siku ile atakapofika kileleni pasipo kushuka, atawakumbuka.

Mwanachama, Senior V