Wapigaji Hodari, Pointi Haba

Watu wengi huamini kwamba penye vipaji hapakosi mavuno, na mavuno yakikosekana hutafutwa mtu wa kulaumiwa. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba imani hiyo ina kasoro ya kihesabu, na kwamba kasoro hiyo yatudhuru hata sisi tusiocheza mchezo nitakaoutolea mfano. Mchezo wenyewe ni besiboli, unaopendwa sana Marekani, Japani na Cuba. Afrika Mashariki nako haukosi wachezaji: mwaka 2012 vijana wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport, Pennsylvania.

Mchezo wenyewe

Wachezaji tisa wa timu hupiga kwa kufuatana, kila mmoja kwa nafasi aliyopangiwa kabla ya mchezo. Mrushaji wa timu pinzani humrushia mpigaji mpira, naye hujaribu kuupiga kwa gongo na kukimbilia kituo cha kwanza. Kutoka hapo husogea hadi cha pili na cha tatu, kisha hurudi nyumbani, yaani pale alipoanzia. Akifika nyumbani salama, timu yake hupata pointi moja. Wanafunzi wa Kenya waliopata kucheza raunda watautambua mwendo huu upesi.

Lakini iko sheria moja iliyobeba siri yote. Wapigaji watatu wakishatolewa, awamu ya timu imekwisha, na wenzao waliokuwa wakingoja vituoni hutoka mikono mitupu. Aliyefika kituo cha tatu na ambaye hakufika popote wanahesabiwa sawa: sifuri. Kila timu hupata awamu tisa, na kila awamu huanza upya, vituo vikiwa vitupu. Methali yetu yasema haba na haba hujaza kibaba. Katika besiboli kibaba humwagwa kila awamu inapokwisha.

Mfano wa San Diego

Mwaka 2023 timu ya San Diego Padres ilikuwa miongoni mwa timu zilizolipa mishahara mikubwa kuliko zote Marekani. Ilikuwa na wapigaji mashuhuri kama Juan Soto, Manny Machado, Xander Bogaerts na Fernando Tatis Jr. Hata hivyo, katika michezo 162 ilishinda 82 tu na kushindwa 80. Katika michezo iliyoamuliwa kwa tofauti ya pointi moja ilishinda 9 na kupoteza 23. Michezo iliyokwenda hadi awamu za nyongeza ilishinda 2 na kupoteza 12. Yaani pointi moja ilipohitajika mno, ndipo ilipokosekana.

Wapo waliosema kwamba wachezaji hao hawakuwa na moyo. Sisi tuanze na hesabu. Katika msimu huo timu ilipata pointi 752 na kuwaachia wapinzani 648. Bill James, mwandishi wa Kimarekani aliyeitia besiboli katika mizani ya takwimu, alitoa kanuni nyepesi: chukua kipeo cha pili cha pointi zilizopatikana, ukigawe kwa jumla ya kipeo hicho na kipeo cha pili cha pointi zilizoachiwa. Jibu ni sehemu ya michezo ambayo timu ingetarajiwa kushinda. Mwanafunzi akifanya hesabu hiyo atapata karibu 0.574, na katika michezo 162 hiyo ni ushindi 93. Timu iliyokuwa na pointi za kushinda mara 93 ilishinda mara 82. Mwaka uliofuata, ikiwa na kocha mpya na Soto akiwa amekwisha hamia New York, ilishinda mara 93. Mfano mmoja si uthibitisho, lakini watosha kututia shaka kabla ya kuwahukumu watu kwamba hawana moyo.

Mapigo yale yale tisa

Tutazame sasa pointi zenyewe zinavyozaliwa. Tuseme kila pigo zuri humsogeza kila mkimbiaji kituo kimoja tu, na kwamba timu imepata mapigo mazuri tisa katika mchezo mzima. Mapigo hayo yakigawanyika moja katika kila awamu, kila mpigaji atafika kituo cha kwanza na kuachwa hapo. Pointi ni sifuri. Yakija yote tisa katika awamu moja, matatu ya kwanza yatajaza vituo, na kila moja la sita yaliyobaki litamrudisha mtu nyumbani. Pointi ni sita. Wapigaji ni wale wale na mapigo ni yale yale. Kilichobadilika ni kufuatana kwake tu.

Kwa hiyo pointi si jumla ya vipaji, bali hutokana na vipaji kufuatana. Na uwezekano wa matukio kufuatana hupatikana kwa kuzidisha, si kwa kujumlisha. Chukua wapigaji watatu, kila mmoja akiwa na uwezekano wa theluthi moja wa kufika kituoni. Uwezekano wa wote watatu kufaulu mfululizo ni karibu 0.037. Sasa chukua nyota wawili wenye uwezekano wa 0.4 kila mmoja, na wa tatu dhaifu mwenye 0.2. Jumla yao ni moja, sawasawa na wale wa kwanza, lakini zao lao ni 0.032 tu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hata viwili huhitaji cha tatu.

Dadu darasani

Nawasihi walimu wa hisabati wasiishie ubaoni. Kila mwanafunzi apewe dadu. Ikitokea 1 au 2, mpigaji amefika kituoni. Ikitokea 3 hadi 6, ametolewa. Watatu wakitolewa, awamu imekwisha. Waliofika wakizidi watatu katika awamu moja, kila aliyezidi ni pointi moja. Kila mwanafunzi acheze awamu tisa na kuandika matokeo.

Hesabu yatuambia kwamba awamu 9 katika kila 10 hazitazaa kitu, na kwamba karibu mchezo 4 katika kila 10 itakwisha bila pointi hata moja. Katika darasa la wanafunzi 40 tutarajie kiasi cha 15 watakaotoka na sifuri, huku wachache wakipata pointi nne au zaidi. Dadu ni zile zile. Hapana dadu mvivu wala dadu shujaa.

Mchezo wa kweli hauna ubahili kiasi hicho, kwa sababu pigo moja laweza kumvusha mkimbiaji vituo viwili, vitatu au vyote. Lakini theluthi moja si mbali na hali halisi ya mpigaji wa kawaida wa ligi kuu ya Marekani. Hata Soto, katika msimu huo wa 2023, alifika kituoni mara 41 tu katika kila 100.

Ili mwanafunzi asidhani kwamba juhudi hazina maana, jaribio lirudiwe kwa vikaratasi kumi, vinne vikiwa vya kufaulu na sita vya kutolewa, kila kinachochukuliwa kikirudishwa na kuchanganywa. Uwezekano umepanda kutoka theluthi moja hadi 0.4, yaani kwa sehemu moja ya tano. Wastani wa pointi kwa mchezo, hata hivyo, unapanda kutoka 1.6 hadi 3.4, zaidi ya maradufu. Hiyo ndiyo faida ya kuzidisha: nyongeza ndogo kwa kila mmoja huzaa nyongeza kubwa kwa wote.

Mashujaa wa nyakati ngumu

Wapenzi wa besiboli husema kwamba wako wapigaji ambao hung'aa hasa mambo yanapokuwa magumu. Mwaka 1977 Richard Cramer, mwanakemia wa Marekani, alichapisha uchunguzi uliolinganisha misimu ya 1969 na 1970. Alikuta kwamba walioonekana mashujaa wa nyakati hizo katika msimu wa kwanza hawakuwa hivyo katika wa pili. Ushujaa uliodhaniwa kuwa tabia ya mtu ulifanana zaidi na mwangukio wa dadu. Mjadala haukuishia hapo, lakini somo lake limebaki: sifa inayodaiwa kuwa ya mtu sharti ionekane tena anapojaribiwa tena.

Na shuleni je?

Hapa ndipo ninapotaka kusema maoni yangu waziwazi. Mwaka 1988 timu ya Baltimore Orioles ilimfukuza kocha wake baada ya kushindwa michezo 6 ya kwanza. Chini ya kocha mpya ilishindwa mingine 15 mfululizo kabla ya kushinda wa kwanza. Timu ile ilikuwa dhaifu kweli, maana ilimaliza msimu ikiwa imeshindwa mara 107. Lakini michezo 6 haikutosha kuonyesha udhaifu ulikuwa wa nani.

Sisi nasi twafanya hivyo hivyo kila matokeo ya mitihani yanapotangazwa. Tuchukue shule yenye watahiniwa 25, kila mmoja akiwa na uwezekano wa 0.6 wa kufaulu. Twatarajia wafaulu 15. Lakini bila mwalimu, kitabu wala juhudi kubadilika, si ajabu mwaka mmoja wakafaulu 12 na mwaka mwingine 18. Yaani asilimia 48, kisha asilimia 72. Mwaka wa 12 mwalimu huitwa mbele ya kikao kujieleza. Mwaka wa 18 hupigiwa makofi. Huenda mara zote mbili amefundisha vilevile.

Sisemi kwamba matokeo mabaya yasichunguzwe, wala kwamba mwalimu mzembe ajifiche nyuma ya bahati. Nasema kwamba mwaka mmoja wa darasa dogo ni ushahidi mdogo, na kwamba haki yataka tukusanye miaka kadhaa kabla ya kusifu au kulaumu. Tena nasema kwamba somo la uwezekano, ambalo aghalabu husukumwa mwishoni mwa muhula na kufundishwa kwa haraka, linastahili muda wake kamili, kwa kuwa ndilo linalomkinga mwananchi na hukumu za pupa.

Kazi ya kocha ni kupandisha uwezekano wa kila mpigaji, kuanzia yule dhaifu wa mwisho, kisha kuwa na subira ya kuhesabu michezo mingi. Kazi ya mwalimu haina tofauti, na wale wanaompima mwalimu wanapaswa kuwa na subira hiyo hiyo.