Oili ya Pikipiki na Haki ya Mwenye Chombo



Katika kikao kimoja cha Haki na Amani hapa Songwa, kijana mmoja alisimama akaleta shauri ambalo baadhi ya wajumbe, mwanzoni, waliliona si la kanisani. Alikuwa amechukua pikipiki mpya kwa mkataba, akiilipia kila juma. Kitabu alichokabidhiwa pamoja na funguo kiliahidi waranti, yaani dhamana ya mtengenezaji, na kilimwagiza abadilishe oili ya kwanza mapema, baada ya kilomita mia chache tu. Kijana akatii. Alinunua oili ya aina ile ile iliyotajwa kitabuni, akaimwaga ya zamani mwenyewe chini ya mwembe, akatia mpya, akarudi kijiweni. Miezi mitatu baadaye taa zilizimika na betri ikawa haipati chaji. Alipoirudisha dukani aliambiwa kwamba kitabu chake hakina muhuri wa gereji ya wakala, kwa hiyo dhamana imekufa. Akauliza oili ina undugu gani na umeme wa taa. Hakupata jibu. Pikipiki ikalala siku kumi na tisa. Marejesho ya kila juma hayakulala hata siku moja.

Sisi twaliona shauri hili kuwa la Haki na Amani kabisa. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, aya ya 6, Mungu anakataza mtu kuchukua rehani jiwe la kusagia la jirani yake, kwa sababu afanyaye hivyo amechukua uhai wa mtu kuwa rehani. Jiwe la kusagia la kijana wa leo lina magurudumu mawili. Ndilo linalobeba mgonjwa usiku kwenda zahanati, mwalimu kwenda shuleni, mama na gunia lake kwenda gulioni Maganzo. Likisimama, nyumba nzima husimama.

Hapa yafaa tueleze kwa nini tunazungumza juu ya pikipiki, tukiyaacha magari pembeni. Magari mengi ya kanda yetu, pamoja na lile la parokia, yalikuja nchini yakiwa yametumika miaka mingi ng'ambo. Dhamana yake ilikwisha kabla meli haijatia nanga Dar es Salaam. Mwenye gari la namna hiyo hana la kupoteza akilifungua mwenyewe, isipokuwa gari lenyewe. Pikipiki na bajaji, kinyume chake, hununuliwa zikiwa mpya, na mara nyingi kwa mkopo. Hivyo wanaoguswa zaidi na maandishi madogo ya dhamana ndio wenye kipato kidogo.

Tuseme pia ukweli juu ya barabara zetu. Kiangazi vumbi huingia kila mahali. Masika udongo mweusi wa mbuga hushika gurudumu na kulisimamisha. Chujio la hewa ambalo penginepo lingesafishwa kwa nadra, kwetu hudai kusafishwa mara kwa mara. Cheni hulegea, hukauka, hula meno ya sproketi. Na ile oili ya kwanza ina sababu yake: injini mpya, vyuma vyake vinapozoeana, hutoa unga mwembamba wa chuma, na unga huo ukiachwa uzunguke na oili huanza kusaga kile kilichopaswa kulindwa. Mwenye pikipiki akingoja mpaka apate nauli, mafuta na siku nzima ya kwenda mjini kwa wakala, huku kilomita zikiongezeka, ataulinda muhuri na kuiua injini. (Seminarini tulifundishwa aina za mikataba kwa Kilatini, wala hakuna aliyetuonyesha nati ya kumwagia oili iko wapi. Tulijifunza baadaye, njiani kwenda vigangoni, na kwa gharama.)

Basi dhamana ni nini? Ni ahadi ya mtengenezaji kwamba, kwa muda au kwa kilomita zilizotajwa, kasoro iliyotoka kiwandani ataiondoa kwa gharama yake. Si zawadi, bei yake imo ndani ya bei ya chombo. Ana haki kukataa kulipia uharibifu ambao mwenye chombo ameuleta mwenyewe. Aliyetia oili isiyofaa, injini ikakwama, asimlaumu mtengenezaji. Vivyo hivyo kule Geita, kijana anayepakia mifuko ya mawe ya dhahabu kupeleka karasha, mpaka fremu ikapinda, hana dai. Lakini kukataa dai la umeme kwa sababu ya oili, au dai la fremu kwa sababu plagi ilibadilishwa na fundi wa mtaani, hilo ni jambo jingine. Uharibifu unaokataliwa lazima uwe na uhusiano na kazi iliyofanywa, na anayekataa ndiye apaswaye kuuonyesha.

Hatusemi haya kama ndoto ya mapadre. Huko Marekani sheria ya mwaka 1975, iitwayo Magnuson-Moss, inakataza mtengenezaji kuifunga dhamana yake kwa sharti la kutumia spea au huduma yenye jina lake, isipokuwa anaitoa bure au amepata kibali maalumu. Mwaka 2022 tume ya biashara ya nchi hiyo iliwachukulia hatua Harley-Davidson, watengenezaji wa pikipiki, kwa masharti ya namna hiyo hiyo, nao wakatakiwa kuyaondoa. Karibu zaidi nasi, Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilitoa mwongozo ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2021, unaomruhusu mwenye gari lililo ndani ya dhamana kulipeleka kwa fundi amtakaye. Mwongozo huo haumwachii fundi mbaya: akiharibu, uharibifu wake haufunikwi.

Hapa kwetu Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, tuliyorithi tangu utawala wa Waingereza, inaweka sharti kwamba bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa hizo iwe na ubora wa kufaa. Sharti hilo halitoki katika kitabu cha sevisi. Hata hivyo pande mbili zaweza kuliondoa kwa mapatano, na hapo ndipo maandishi madogo yanapofanya kazi yake. Tena iko Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani. Wengi hudhani ni ya makampuni makubwa tu, kumbe ina sehemu zinazomlinda mlaji dhidi ya maelezo ya kupotosha, na nyingine juu ya wajibu wa mtengenezaji. Maneno ya sheria zetu hayako wazi juu ya muhuri wa gereji kama yale ya Afrika Kusini. Twadhani wabunge wetu wangelitazama jambo hili bila kungoja wakati wa kampeni.

Mwenye duka atajibu: kijana alitia sahihi mwenyewe, hakulazimishwa. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alikwisha kulipima jibu la namna hii alipoandika juu ya mishahara: mtu anayekubali masharti magumu kwa sababu anaogopa hali mbaya zaidi hakukubali kwa hiari, amelazimishwa. Kijana asiye na njia nyingine ya kupata chombo, aliyepewa mkataba wa Kiingereza na kalamu kwa wakati mmoja, alikubali nini hasa?

Lakini tusiwe watu wa kulalamika tu, maana mizani ya udanganyifu ambayo nabii Amosi aliikemea haiko mikononi mwa wenye maduka peke yao. Wapo mafundi wanaonyofoa spea nzima na kuweka iliyochakaa. Wapo wanaojaza oili chafu katika makopo yenye nembo njema. Na wapo wenye pikipiki waliofungua injini kwa pupa, wakaifunga tena, kisha wakaapa mbele ya mwuzaji kwamba hawakuigusa. Uongo huo humfanya mwuzaji amshuku hata mkweli atakayefuata.

Kijana wetu alikosa kitu kimoja kidogo, nacho ni ushahidi. Angalikuwa na risiti ya oili, na daftari lenye tarehe na kilomita zilizosomeka siku ile, angalisimama dukani na neno la kusema. Daftari la shule latosha. Kila kazi iandikwe humo: oili, chujio, plagi, cheni, kama ni fundi aliyeifanya, aweke jina na sahihi. Risiti zibandikwe. Kazi hizi za kawaida, ambazo kitabu chenyewe humwelekeza mwenye chombo, zifanyike nyumbani pasipo hofu, baada ya kusoma sharti la mkataba. Yaliyo ndani ya injini, na nyaya za umeme, yasiguswe muda wa dhamana ukiwa bado; hayo yapelekwe kwa wakala hata kama ni mbali. Dai likikataliwa, sababu iombwe kwa maandishi. Twajua wauzaji kadhaa ambao ulimi wao huwa mwepesi na kalamu yao nzito.

Shauri la kijana yule bado liko mezani. Barua imekwisha kuandikwa kwa mwuzaji, nakala yake iko ofisini kwa parokia, na akikaa kimya itafuata nyingine kwenda Tume ya Ushindani. Wakati huo huo tunawaomba viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wawatangazie vijana wanaokusudia kuchukua chombo kwa mkataba: karatasi zile zije kwanza kwa wajumbe wa Haki na Amani wa kigango, Jumapili baada ya Misa, zisomwe kwa Kiswahili sharti kwa sharti, kabla kidole gumba hakijaguswa wino.