Tusivunje Sakafu Kabla ya Kumjua Mwizi wa Maji

Katika nyumba nyingi za kambi zetu, hasa zile za zamani zilizojengwa kabla ya uhuru wa 1962, bomba la maji halikupitishwa juu ya ukuta. Limelazwa ardhini, chini ya zege la sakafu, mahali ambapo jicho la mwenye nyumba halifiki. Likitoboka huko, nyumba haitoi habari upesi. Kwanza rangi hubambuka chini ya ukuta, kisha sakafu hutota pembeni mwa chumba, na mama wa nyumba hudhani kwamba watoto wamemwaga ndoo. Zipitapo wiki kadhaa ndipo huitwa fundi bomba, naye huja na tindo na nyundo. Huvunja pale penye unyevu, asikute kitu. Huvunja hatua moja mbele, asikute kitu. Ifikapo jioni chumba kimegeuka kifusi, na bomba lenye tundu limelala salama chini ya chumba cha pili.

Desturi hiyo yafaa ikomeshwe. Nyundo iwe chombo cha mwisho, si cha kwanza. Askari anajua kwamba ng'ombe mmoja akiibwa hakitiwi mbaroni kijiji kizima. Hufuatwa nyayo kwanza. Maji nayo yana nyayo zake, ila ni za udanganyifu. Yatokapo kwenye tundu chini ya zege hayapandi wima, bali hutafuta njia nyepesi: mchanga uliotandazwa chini ya sakafu, ubavu wa bomba lenyewe, au ufa wa zamani. Yaweza kusafiri mita kadhaa kabla ya kujitokeza. Kwa hiyo penye unyevu ni mahali maji yalipopata mlango, wala si lazima pawe ndipo yalipotoka.

Kuna wanaosema kwamba kuvuja kidogo si jambo la kuhangaisha kambi nzima. Na tuhesabu. Tundu lenye upana wa milimita 1.5, ambalo kichwa cha njiti ya kiberiti chaweza kuliziba, likiwa katika bomba lenye msukumo wa kawaida wa mjini na maji yakiwapo mchana na usiku, hutoa zaidi ya lita 2,000 kwa siku. Hizo ni jerikeni 100 za lita 20. Kwa siku 30 ni lita 60,000, yaani yuniti 60 za mita, nazo zote hulipiwa na hakuna aliyezinywa.

Maji hayo yakienda bure hayaendi peke yake. Hubeba mchanga uliokuwa ukiliegemeza zege, pakabaki uwazi, na sakafu isiyo na kitu chini yake hupasuka. Askari waliopata kulinda Karamoja wanaufahamu udongo ule mweusi unaonata kwenye buti wakati wa mvua na kufunguka nyufa wakati wa kiangazi. Udongo wa namna hiyo ukilowa upande mmoja wa nyumba tu, huvimba upande huo na kuuinua msingi, huku upande mwingine umetulia. Ukuta hauwezi kustahimili mambo hayo mawili kwa pamoja.

Lakini lililo zito kuliko fedha na kuta ni afya ya jamaa zetu. Mahali pengi maji hayaji saa zote. Yakikatika, msukumo ndani ya bomba huanguka, na lile tundu lililokuwa likitoa maji sasa huyafyonza yaliyo nje yake. Nje ya bomba kuna nini? Kuna tope la tangu juzi, na aghalabu bomba la maji taka hupita hatua chache tu kando, nalo ni la umri ule ule na viungo vyake vimelegea. Maji safi yarudipo, ya kwanza kutoka kwenye koki ya jikoni ni mchanganyiko huo. Homa ya matumbo, kuhara na hata kipindupindu huweza kuingia nyumbani kwa njia hiyo, na watu wakalaumu mboga za sokoni. Basi nyumba inayoshukiwa kuvuja chini ya sakafu, hata kabla fundi hajafika, iache maji ya kwanza yamwagike baada ya kila mkatiko, na ya kunywa yachemshwe bila kuruka siku.

Uchunguzi wenyewe huanza na mita, wala hauhitaji fundi. Usiku, watoto wakisha kulala, koki zote zifungwe na tangi la choo liachwe lijae. Mita isomwe tarakimu zote, pamoja na zile ndogo za mwisho, na isomwe tena alfajiri kabla mtu hajanawa uso. Katika mita nyingi kuna kigurudumu kidogo kama nyota, nacho kikizunguka wakati hakuna anayetumia maji, basi yako yanakokwenda. Sharti maji yawepo usiku huo. Pasipo maji mita husimama, nanyi mtajidanganya kuwa bomba ni zima. Na ikiwa nyumba hutumia maji ya tangi la juu, mita haitoshi: ifungwe njia ya kulijazia tangi, itiwe alama mahali maji yalipofika, na itazamwe asubuhi kama yameshuka.

Hapa kambi ina nguvu ambayo raia mtaani hana. Mara nyingi mita moja huhudumia safu nzima ya nyumba, na mtu mmoja kufunga koki zake hakusaidii kitu. Raia hana uwezo wa kuwaamuru majirani kumi walale bila kugusa maji. Kambini yatosha amri moja, kwa usiku mmoja.

Kazi hii ya kulinganisha hesabu si ngeni kwa wanajeshi. Sextus Julius Frontinus, aliyepata kuwa gavana wa Kirumi huko Uingereza na kuongoza majeshi yake vitani, alikabidhiwa usimamizi wa maji ya jiji la Roma mwaka 97 baada ya Kristo. Aliyapima maji yaliyoingia, akayalinganisha na yale yaliyoandikwa kwenye kumbukumbu na yale yaliyogawanywa, akakuta hesabu hazilingani. Sehemu ya upotevu huo ilitokana na mabomba ya wizi yaliyofichwa chini ya njia za jiji. Hakuanza kwa kung'oa mawe ya barabara.

Mita ikisema kuna wizi, mshukiwa wa kwanza si sakafu bali choo. Itiwe bluu ya kufulia katika tangi la choo, na kwa nusu saa choo kisitumiwe. Rangi ikionekana bakulini, tangi ndilo linalovuja, na dawa yake ni mpira wa bei ndogo. Choo kikiwa hakina kosa, ifungwe koki kuu iliyo mlangoni mwa nyumba. Mita ikiendelea kuzunguka, tundu liko uani, kati ya mita na nyumba, na sakafu haihusiki hata kidogo. Ikisimama, tundu limo ndani. Ni sakafu ngapi zimevunjwa bure kwa kukosa dakika tano za kufunga koki hiyo!

Kwa nyumba yenye maji ya moto kuna dalili moja ya ziada, nayo ni joto: atembeaye pekupeku akisikia vuguvugu mahali pamoja sakafuni, huenda bomba la moto limetoboka karibu na hapo.

Ama bomba la maji taka, mita haitasema neno, kwa sababu maji hayo yamekwisha kuipita. Hilo hujulikana kwa harufu, kwa mende wanaozidi, na kwa unyevu unaoongezeka kila watu wanapooga. Fundi huziba mwisho wa bomba kwenye chemba ya nje, hulijaza maji, hutia alama na kungoja. Maji yakishuka, bomba limepasuka au kiungo kimeachia.

Baada ya hapo ndipo husakwa mahali penyewe. Fundi wa zamani huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye koki au kwenye bomba lililo wazi, na mpini wake nyuma ya sikio, naye husikia mvumo wa maji yanayobanwa kwenye tundu. Kadiri akaribiavyo, mvumo huongezeka. Kazi hiyo hufaa usiku, redio zikiwa zimezimwa. Siku hizi vipo vipaza sauti vya kuwekwa juu ya sakafu, na vilevile hutumiwa gesi iliyochanganywa, haidrojeni asilimia 5 na naitrojeni asilimia 95, ambayo kwa kiasi hicho haiwaki. Hupulizwa ndani ya bomba lililokaushwa, hutoka kwenye tundu, hupenya zege, na chombo cha kunusa huionyesha juu. Lakini hata kambi isiyo na vyombo hivyo yaweza kuwa na pampu ya mkono yenye geji: hufungwa sehemu moja ya bomba baada ya nyingine, na ile ambayo mshale wake hushuka ndiyo yenye hatia.

Tukifika kwenye matengenezo, sikubaliani na mafundi wengi. Hao hulipata tundu, wakalifunga kwa mpira na waya au wakaunga kipande kipya, wakafunika kwa saruji na kuondoka. Ikiwa bomba ni jipya na limetobolewa na msumari, kiraka chafaa. Lakini bomba la chuma lililopakwa zinki, likisha kukaa ardhini miongo kadhaa, huliwa na kutu kwanza kwenye hesi za viungo, kwa maana hapo chuma kilikatwa kikawa chembamba na zinki ikaondoka. Kiungo kimoja kikioza, vilivyobaki ni wa umri huo huo na wamo katika udongo huo huo. Kuunga kipande cha shaba nyekundu moja kwa moja na chuma hicho ni kuharakisha mambo, kwani penye unyevu chuma ndicho huliwa.

Bomba la namna hiyo liachwe huko liliko. Njia mpya, ya bomba la plastiki linaloungwa kwa joto, ipitishwe ndani ya nyumba juu ya ukuta, ionekane. Yako malalamiko kwamba haipendezi. Haipendezi, ni kweli. Lakini ikivuja huonekana siku ile ile na hutengenezwa kabla ya chakula cha mchana. Bomba la zamani likatwe na kuzibwa ncha zote mbili, maji yasilale humo yakaoza. Uwazi ulio chini ya sakafu ujazwe murram kwa tabaka, ushindiliwe, ndipo zege lirudishwe. Na usiku wa kwanza baada ya kazi, mita isomwe tena.

Neno lililobaki ni letu na wakubwa wetu. Askari husema nyumba si yake na bili hailipi yeye, na kesho huenda akahamishwa, basi hunyamaza. Afisa naye akiletewa taarifa ya sakafu iliyolowa huichukua kama manung'uniko. Taarifa hiyo iandikwe katika daftari kama taarifa nyingine yoyote, pamoja na tarehe na hesabu ya mita. Na kila kambi iwe na mchoro unaoonyesha mabomba yanapita wapi, koki kuu iko wapi, na ni yapi yaliyozibwa. Mkuu wa kambi akihamishwa, mchoro huo ukabidhiwe pamoja na funguo na vitabu vya ghala, na apokeaye atie sahihi.