Je, Kumpumzisha Mzee Ndiko Kumtunza?

Katika miji yetu imekuwa desturi kwamba mtoto aliyepata kazi nzuri humchukua mzazi wake kutoka kijijini, akampa chumba, akamnunulia kiti cha kuegemea, na kumwambia, "Mama, umefanya kazi ya kutosha, sasa pumzika." Majirani hulisifu tendo hilo. Nia yake ni njema, wala sina haja ya kuikejeli. Lakini kwa kadiri elimu ya mwili wa binadamu ilivyofikia hivi leo, yatupasa kuuliza ni kitu gani hasa tunachompa mzee tunapomkalisha kitini kutwa nzima.

Misuli ya binadamu huanza kupungua tangu umri wa makamo, na baada ya miaka 60 upungufu huo hushika kasi. Hilo ni la maumbile. Lisilofahamika sana ni jinsi kukaa bure kunavyouharakisha. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya jaribio walilowafanyia wazee wachache wenye afya njema, ambao umri wao wa wastani ulikuwa miaka 67, na ambao walikubali kulala kitandani siku 10 mfululizo. Katika siku hizo chache walipoteza, kwa wastani, karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Hawakuwa wagonjwa, wala hawakunyimwa chakula. Kilichowapunguza ni mapumziko.

Habari hii ina upande wake wa pili. Mwaka 1990, mjini Boston, Dakta Maria Fiatarone na wenzake waliwachukua wazee 10 wa nyumba ya kutunzia wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, wakawapa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa majuma 8. Nguvu za miguu za wale waliomaliza ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Ni kweli kwamba walianza na nguvu haba mno, na kwamba watu 10 si wengi. Hata hivyo, mtu wa miaka 90, ambaye sisi tungeogopa hata kumpa ndoo ashike, misuli yake ilikuwa bado inaitika ikiitwa.

Nami nimelitenda kosa hili, kwa hiyo simnyoshei mtu kidole. Mama yangu aliishi miaka yote katika miteremko ya Kilimanjaro. Kila siku alikata majani ya ng'ombe, akapita kihambani chini ya migomba, akapanda na kushuka. Alipotimiza miaka 74 nikamleta Dar es Salaam na kumkataza hata kufagia. Haukupita mwaka kabla hajashindwa kuinuka bila kushika meza. Mimi, pamoja na shahada yangu ya udaktari wa falsafa, nikasema huo ni uzee.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2015, halikueleza kuzeeka vizuri kuwa ni kukosa maradhi. Lilisema ni kudumisha uwezo wa mtu wa kufanya yale anayoyathamini, na kwamba uwezo huo hutokana na mwili na akili yake pamoja na mazingira anamoishi. Mama alithamini ng'ombe wake. Mimi nilimpa kiti na televisheni.

Najua nitajibiwa kwamba wako wazee wengi vijijini ambao hawana nafasi ya kupumzika hata wakitaka: bibi wa miaka 75 anayechota maji na kulea wajukuu mayatima. Sitetei mzigo huo. Kazi isiyo na hiari, juu ya mlo mdogo, haimjengi mtu. Tena mzee asihimizwe mazoezi bila kupimwa kwanza. Utafiti uliofanywa wilayani Hai kwa watu wa miaka 70 na zaidi ulionyesha kwamba takriban 7 katika kila 10 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa wakitibiwa ipasavyo.

Kupima miguu, hata hivyo, ni rahisi kuliko kupima damu. Mzee hukaa juu ya kiti cha kawaida, akakunja mikono kifuani, akasimama na kukaa mara 5 upesi kadiri awezavyo. Akizidi sekunde 15, wataalamu huhesabu kwamba nguvu zake zimepungua na kwamba anahitaji kuangaliwa. Kinachotakiwa ni kiti na saa tu. Ningependa kila zahanati ikifanye kipimo hiki siku ya kliniki ya wazee, na matokeo yaandikwe kadini kama yanavyoandikwa ya uzito wa watoto.

Mama alipopimwa mara ya kwanza hakuweza kusimama hata mara moja bila mikono. Sasa anafuga kuku uani, anainama mwenyewe kuokota mayai, na juzi alitumia sekunde 17.